Kaka Yangu Katika Daftari la Hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, kaka yangu aliondoka nyumbani kwetu Kanyakine. Alisema anaenda mji wa Maua kutafuta kazi ya kuchuma miraa. Akabeba sweta moja na redio ya baba, na hatukumwona tena. Baba alimfuata mara mbili, akauliza kila aliyekutana naye, akarudi na vumbi tu. Baada ya hapo, jina lake halikutajwa kwetu tena.

Mimi, kwa kuwa nilijiona msanii, nilipofika darasa la nane niliamua kumrudisha kwa penseli. Nilichukua daftari la hesabu, ambalo kwa kweli halikuwa na kazi nyingine mkononi mwangu, nikaanza hadithi ya picha. Humo kaka alipigana na chui, akazima moto msituni, akaokoa basi zima la wanakwaya lililokuwa likitumbukia mtoni. Sikujua kuchora mikono, kwa hiyo alifanya yote hayo akiwa ameitia mfukoni. Chui wangu alifanana na mbuzi mwenye surua. Wenzangu walicheka mahali nilipotarajia walie, nami nikawahurumia kwa kutoelewa sanaa.

Mwalimu wa hesabu alilikamata daftari, akamwita mama. Siku hiyo nilivaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, nikijua kiboko kinakuja. Lakini tulipofika nyumbani, mama aliketi jikoni na kulifungua daftari ukurasa wa kwanza.

"Huyu ni nani?"

"Ni kaka."

Aliinamia ukurasa. Nikashika sketi zangu.

"Masikio yake hayakuwa hivi," alisema. "La kushoto lilichanwa na seng'enge akiwa mdogo. Na alikuwa akitembea ameinamia upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo. Futa."

Nikafuta. Mama akazungumza hadi githeri ikaungua chunguni: jinsi kaka alivyochukia uji, jinsi alivyolia ndama wake alipokufa, jinsi alivyoimba vibaya kanisani bila kujua. Miaka miwili ya kimya ilimtoka kwa mkupuo mmoja. Nami, aibu iliyoje, nilichokuwa nikingoja ni asifu michoro yangu. Hakusifu.

"Mwishoni anarudi," nilimweleza. "Nimepanga arudi na gari."

"Usimrudishe."

"Basi amekufa?"

"Na usimuue. Hatujui, mwanangu. Andika hivyo, kwamba hatujui."

Nililia sana. Nilijiambia nalilia lile gari, maana nilikuwa nimeshalichora, na ndicho kitu pekee kilichotoka vizuri.

Jumamosi iliyofuata mama alifungua chumba cha kaka, akaanika godoro juani, akaniambia nihamie humo, niache kubanana kitandani na nyanya yangu. Baba alikuja akasimama mlangoni. Nilidhani atakataa. Alitazama kitanda, akaenda kuchukua nyundo, akakaza mguu uliolegea, akarudi shambani.

Kaka hajarudi hadi leo. Wageni wakimuuliza mama ana watoto wangapi, husema wawili, mmoja ni huyu na mwingine hajui aliko, kisha huwamiminia chai.