Aliniita kwa Jina Langu la Kwenye Gemu

Admini, nakuomba usiweke jina langu. Na hawa ninaowataja nimewabadilisha majina, maana tuliobaki hai tunaishi karibu karibu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Palma, kaskazini ya Cabo Delgado. Sasa nipo Pemba, nilikokimbilia kwa sababu ya vita, natengeneza simu. Haya ninayoyaandika sijamwambia mtu yeyote.

Ile miaka gesi ilipogunduliwa kwetu, kila kijana alikuwa anasubiri kuitwa kazini. Mnara wa simu ulijengwa, mtandao ukawa unashika, na sisi tukaanza kucheza gemu la kupigana risasi, wanne upande huu, wanne upande ule. Kwenye gemu nilijiita Chewa. Mtaani hakuna aliyeniita hivyo, jina hilo walilijua wachezaji wenzangu tu.

Gemu lenyewe halikuwa na kisa. Unashuka, unaua, unauawa, unaanza tena. Kwa kuwa mwenye kufungua chumba cha kuchezea mtandaoni nilikuwa mimi, nikaanza kuwatungia wenzangu hadithi na kuwasimulia kwa sauti tukiwa mchezoni. Nawaambia: leo ninyi ni walinzi wa daraja, wanaokuja wamebeba mgonjwa, lakini mmoja wao ni msaliti. Haya, amueni. Walipenda mno. Mpaka vijana wa Mocímboa wakawa wanaomba kuingizwa.

Kati yetu alikuwepo jirani yangu, nitamwita Sualehe, mtoto wa pekee wa mama yake. Alikuwa amesomea kuchomelea vyuma, na kila wiki alikwenda kuangalia orodha ya walioitwa kazini. Jina lake halikutokea hata mara moja. Alikuwa mpole, na katika hadithi zangu yeye ndiye aliyekuwa na maswali, akiniita "mano", yaani ndugu. "Mano, na tukiwaacha wapite?" Siku moja akiwa mlinzi aliweka silaha chini akawaacha wapite kweli, na upande wetu ukashindwa. Wenzetu wakamcheka. Mimi nikakasirika, nikamwambia mbele ya wote, "Kwenye hadithi yangu asiyepiga risasi anatoka!"

Akasema, "Basi hiyo si hadithi, mano. Hiyo amri."

Nilimtoa chumbani siku tatu. Aliporudi hakuuliza tena. Alicheza kuliko sote, anapiga tu, hasemi neno, na mimi nikawa namsifu.

Baadaye alipita kwenye duka langu dogo la simu pale Palma kuniaga. "Naenda Mocímboa. Bandarini wanatafuta watu wa kupakia." Hakurudi. Simu yake ikazimika, na vita vikaanza kusikika huku na kule.

Siku vilipofika kwetu nilikimbia na Bacar, fundi cherehani tuliyepakana naye maduka. Tulishika njia ya Pundanhar, tukipita ndani ya mashamba ya mihogo. Jua lilikuwa kali, Bacar ana mguu mbovu, nikawa namshika mkono. Watu wawili wenye bunduki wakatokea mbele yetu. Tukapigishwa magoti. Mmoja, aliyejifunga kitambaa usoni, alinitazama muda mrefu.

"Chewa," akasema.

Nilidhani woga umeniharibu masikio, maana sauti ilikuwa ya Sualehe.

"Chewa. Inuka, pita."

Nikainuka. Nikamwuliza, "Na huyu?" Akanionyesha njia kwa mtutu. Bacar alikuwa ananitazama, mkono wake bado umeshika suruali yangu. Nilitakiwa niulize tena. Niombe, nilie, nimtaje Sualehe kwa jina lake, nimtaje mama yake. Ndugu zangu, sikufanya hata kimoja. Niliubandua ule mkono, kidole kimoja kimoja, nikapita. Sijafika mbali nikasikia mlio mmoja. Sikugeuka.

Nilipofika kwa watu nilisema mimi na Bacar tulipotezana njiani. Mpaka leo mke wake anaamini hivyo.

Gemu nimelifuta, lakini sauti ile iliyoniita haifutiki. Mteja akiniita tu nyuma yangu, nashtuka mpaka bisibisi inanidondoka. Najiuliza kama nilimfundisha mimi. Wakati mwingine najiambia hapana, wengi tulicheza na hatukushika bunduki. Halafu nakumbuka kwamba mimi aliniacha nipite, na sijui hilo niliweke wapi.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mama yake Sualehe yupo hapa Pemba, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mjane wa Bacar naye anaishi uani mwake, wanatwanga kinu kimoja, wanaitana dada. Ndugu wamemwambia mama mwanawe amekufa, amsomee hitima apumzike. Miaka yote amekataa, anasema mpaka aonekane mtu aliyemwona. Kila akipita hunisimamia mlangoni. "Mwanangu, wewe ndiye rafiki yake. Hujasikia lolote?" Nami hujibu, "Bado, mama," huku nimeinamia simu ya mtu.

Juzi amekubali. Hitima ni Ijumaa hii. Alikuja mwenyewe kuniambia, amekonda, akanishika mikono. "Baada ya dua nataka wewe uwasimulie watu mwanangu alikuwa mtu wa namna gani. Wewe unajua kusimulia." Mjane wa Bacar alikuwa amesimama pembeni yake, amebeba mchele wa sadaka.

Nikisema ukweli, mama atajua mwanawe pengine yu hai na amekuwa muuaji, mjane atajua mumewe aliachwa na nani, na watu wanaweza kumfukuza mama wa watu pale uani. Nikinyamaza, nitaitikia dua ya marehemu kwa mtu aliyeniita jina langu mchana kweupe.

Leo ni Jumatano. Wenye busara mnaosoma hapa, nitukaneni kama nastahili, lakini niambieni: nikisimamishwa mbele ya wanawake wale wawili, nifungue mdomo niseme nini?