Acha, Mutua!

Walisema sitaweza kufunga hata kengele ya mlango. Juzi nilirudi Machakos na diploma yangu ya ughaibuni, nikafunga intakomu mpya, kisemeo cha ukutani, nyuma ya jukwaa la ukumbi, palepale nilipowahi kukwama chumbani nikiwa mdogo.

Siku hiyo ya utotoni, chumba cha mavazi kilinuka jasho na poda. Niliuvuta mlango, ukakataa. Nikabonyeza kitufe cha intakomu nikilia, "Shangazi, nitoe!" Yeye alikuwa kwenye intakomu ya pili, ng'ambo ya jukwaa, mchezo wa kuigiza ukiendelea. Kidole kilipoteleza, nilimsikia: "Acha, Mutua!" Nilidhani ananikataza kulia, nikabonyeza zaidi. Kidole kilipochoka kabisa, sauti yake ikajaa chumbani: "Acha kitufe unisikie, we mtoto! Huo mlango unasukumwa!"

Nikausukuma, nikaangukia jukwaani, miguuni pa mwigizaji wa mfalme. Ukumbi mzima ukanipigia makofi, yangu ya kwanza.