Donge Juu ya Pistoni

Mtaani walimwita Pumzi, na wala hakuwa na ugonjwa wa kifua. Ni kwamba kila gari lililoingia gerejini kwake, hata lililokuja kubadilishwa taa tu, alilitegea sikio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema, "Hili halipumui."

Dawa yake ilikuwa moja. Valvu, alimweleza yeyote aliyechelewa kukimbia, ni milango midogo ya injini, na gari la kiwandani huifungua kwa woga, kama mtu anayemchungulia mgeni wa kukopa. Yeye aliichonga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ili milango ifunguke wazi. Alikuwa fundi kwelikweli. Hilo hata wabaya wake walikubali, ila walikubali wakiwa wameegesha mbali.

Gari moja tu lilikuwa haramu kwake: kigari cha mkewe, mwoka mikate, kilichosambaza mikate madukani kila alfajiri. Amri ilikuwa fupi. "Baba watoto, ukikigusa, utahamia gereji na godoro lako."

Jumapili moja mke akaenda kumwona dada yake. Hata kona hajakata, boneti ilikuwa juu.

Pumzi alikuwa na kemshafti ya gari la mashindano, yenye nundu kubwa za kusukuma valvu chini zaidi. Na hakulipua kazi. Alijua valvu ikishuka kupita kawaida, kofia ya springi itagonga kijibomba kinachoiongoza valvu, basi akavinyoa vijibomba vyote taratibu, ulimi nje. Akaifunga kemshafti, akahakikisha springi hazibanwi hadi mwisho. Likabaki swali moja: valvu zikishuka hivyo, hazitaibusu pistoni inayopanda kutoka chini? Zikigongana injini ikiwa inazunguka, mikate ya kesho itasambazwa kwa miguu.

Mafundi wa kazi hiyo hupima hivi: unabandika udongo laini juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, kisha unakata udongo na kupima unene uliobaki pale valvu ilipobonyeza. Hiyo ndiyo nafasi uliyo nayo. Bahati mbaya udongo ulikuwa umemwishia. Bahati mbaya zaidi, jikoni, chini ya kitambaa, kulikuwa na beseni la donge la ngano, laini kama shavu la mtoto mchanga.

Akamega.

Alibandika, akafunga, akazungusha, akafungua. Alama za valvu zilikuwa zimekaa vizuri. Akasikia njaa, akaenda kula, akajinyoosha kidogo kujipongeza. Aliporudi na kisu akakata, akapima: nafasi tele! Akafunga kila kitu huku anaimba, akashika ufunguo wa kuwashia.

"Unafanya nini?" Mke alikuwa mlangoni, ametokea jikoni, mkoba begani.

"Nakupa zawadi, mama watoto."

"Na beseni langu kaingia nani?"

"Nimepimia valvu kidogo tu. Ngano ni ngano."

Mke akaokota kipande cha donge kilichobaki benchini, akakibonyeza kwa kidole. Kikainuka tena polepole, bila haraka, kama kinamcheka mtu.

"Umekipima lini?"

"Baada ya kula."

"Na kulala?"

"Kidogo."

"Mume wangu, hili lina hamira! Limeumuka wewe unakoroma. Ulichopima hapo ni usingizi wako."

Pumzi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Mke akakanda ngano na maji matupu, akamtia donge mkononi. "Rudia. Mimi nimesimama hapa hapa." Hedi ikafunguliwa upya. Safari hii donge likakatwa papo hapo, na pale valvu ilipobonyeza palikuwa pembamba kama ganda la kitunguu, mwanga unapita. Pumzi akaliinua, akachungulia upande wa pili.

"Lakini nikichimba vishimo vidogo kwenye pistoni..."

"Rudisha kemshafti ya zamani."

"Vidogo sana, mke wangu."

Mke alinyoosha mkono, akachukua ufunguo, akautia kwenye mkoba. Pumzi akarudisha ya zamani.

Alfajiri injini iliitika mara moja, na kigari kikatoka kimejaa mikate. Pumzi alikuwa ndani, trei mbili mapajani, maana mkewe hakuthubutu kumwacha nyumbani peke yake na mashine mpya ya kukandia.

"Nilikuwa naiangalia tu," alinung'unika.

"Niliona ulivyokuwa unaiangalia. Shika trei vizuri."