Jembe Kwenye Tuta la Dalia

Nianze kwa kusema ukweli: mimi si mtu mwema. Wapo wanaodhani mwanamke mwenye bustani ya maua mbele ya nyumba lazima awe na moyo laini. Hapa Heru Juu nimewapiga mbuzi kwa mawe, nimewafukuza wanakwaya walioingia kuchuma maua ya madhabahu bila hodi, na mwenye bodaboda aliyeegesha pikipiki juu ya mayungiyungi yangu nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Wenzangu wanalima mihogo na maharage mpaka ukutani mwa nyumba. Mimi nimeacha uwanja mzima wa mbele kwa kitu kisicholiwa. Wao wananiona nimechanganyikiwa, mimi nawaona hawana macho, na maisha yanaendelea.

Lakini hao wote nilikuwa nawachukia juu juu tu. Niliyemchukia kwa moyo wangu wote alikuwa jirani yangu wa upande wa chini, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Kwa miaka saba hatukusalimiana. Tukikutana bombani mmoja wetu aligeuka na ndoo tupu, na mara nyingi hakuwa mimi.

Ugomvi wetu ulikuwa dalia. Ni ua kubwa, pana kama kisahani cha chai, na chini ya shina lake kuna viazi virefu virefu vinavyohifadhi uhai wakati wa kiangazi. Dalia ya mama yangu ilikuwa nyekundu iliyoiva, na kila petali ilikuwa na ncha nyeupe. Sijaona nyingine kama hiyo Kasulu nzima. Mama alitoka Burundi kwa miguu akiwa msichana, akapata uraia akiwa bibi mwenye wajukuu, na katikati hapo alifua nguo za masista fulani. Kiazi cha kwanza alikiiba kwenye bustani yao, akakifunga kwenye pindo la kitenge. Alisimulia wizi huo kwa fahari zaidi kuliko alivyosimulia ubatizo wake.

Alikuwa na sababu. Mama na wanawake wa rika lake waliamini kwamba mche wa kuomba haushiki. Ukiomba, ukapewa, ukasema asante, unakauka. Wa kuiba ndio unaoota. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumpa mwenzake hakumpa. Alisimamisha jembe kwenye tuta, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwenye haja alikuja, akachimba, akalirudisha jembe lisimame palepale, akaondoka kimya. Mama aliwafanyia hivyo wanawake wengi, nami nilikuwa namcheka. Nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi, nilijua kiazi hakina masikio ya kusikia asante.

Ugonjwa wake wa mwisho ulikuwa wa kifua. Jirani huyo alikuja kila alasiri na uji wa ulezi, wakakaa wakiongea Kirundi chao na kucheka mpaka mama akakohoa. Wakati huo nilimpenda, nakiri. Siku mbili kabla ya kufariki, mama aliomba akae juani. Nikamtolea kiti mpaka kwenye tuta la dalia, naye akataka jembe dogo, ati apalilie akiwa amekaa. Nikamwachia, nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa amechoka, nikamwingiza ndani, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Siku ya mazishi, watu wamejaa mpaka barabarani, nilitoka nje nipate hewa. Kwenye tuta nikakuta shimo. Udongo ulikuwa bado mbichi, fungu moja zima la viazi halipo, na jembe dogo la mama limesimama pembeni. Sikumwambia mtu, nilikuwa na maiti ndani. Lakini mvua zilizofuata, dalia ilichanua ng'ambo ya minyaa, nyekundu, ncha nyeupe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke aliyemnywesha mama uji alimwibia siku anazikwa, na kwa jembe la marehemu mwenyewe.

Nilimfuata uzioni.

"Umeiba kwa maiti," nikamwambia.

Alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Niliichukua, ego," akasema. "Na asante hutaisikia kwangu."

Ego maana yake ndiyo. Hakuomba radhi. Nilimtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, naye akaokota ungo akaendelea kupepeta. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho kwa miaka saba.

Tangu hapo kila msimu ulikuwa vita. Mvua za kwanza zikinyesha mwishoni mwa Oktoba, mimi napanda upande wangu, yeye anapalilia upande wake, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Mimi nilikuwa nachimbua viazi vyangu mwezi wa sita, majani yakishakauka, kwa sababu mwaka mmoja fuko walipita chini na kula nusu. Nilivifukia ndani ya gunia la majivu na mchanga mkavu, nikaliweka stoo. Yeye aliviacha ardhini, kivivu, na fuko hawakumgusa hata siku moja! Dalia yake ilichanua kabla ya yangu kila Januari, na kila Januari niliumwa tumbo.

Sisemi sikuwa na furaha. Asubuhi ua la kwanza linapofunguka, umande bado haujakauka, nilikuwa natoa kiti na kikombe cha chai, nakaa mbele yake kama mgeni rasmi. Nilikuwa namuona mama kabisa. Lakini hata furaha hiyo niliinywa nikichungulia ng'ambo. Mwezi wa tatu mmoja ilishuka mvua ya mawe ikalaza kila kitu. Nilitoka mbio, na kabla sijaangalia ya kwangu niliangalia ya kwake. Ilikuwa imevunjika yote. Nilifurahi. Ya kwangu nayo ilikuwa chini, ila nilifurahi kwanza.

Mwaka jana mwezi wa nane binti yangu alijifungua huko Kibondo, anakofanya kazi ya kugawa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Nilikwenda kumwogesha mtoto, nikakaa wiki tatu. Nyumba nilimwachia shangazi yangu kutoka Kagerankanda, mama mtu mzima, macho yake hafifu lakini mikono yake haijui kupumzika. Niliporudi uwanja ulikuwa umefagiliwa, mihogo yote ya stoo imemenywa, imelowekwa, imeanikwa na kusagwa. Alinipokea kwa ugali wa moto, maharage na dagaa wa ziwani. Nilikula nikashiba, nikamsifu.

Kesho yake niliingia stoo kuangalia gunia langu. Lilikuwa limekunjwa vizuri, tupu, na majivu yamemwagwa shimoni.

"Shangazi, vile vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Ile mihogo yako midogo? Yoo, mwana wanje, ilikuwa imeanza kusinyaa. Nikaona isiharibike bure. Nikaimenya nikailoweka pamoja na mingine."

Nilikaa juu ya kinu. Sikuweza kumgombeza, kwa sababu mtu wa huku akikuta kitu kirefu chenye ganda la kahawia na nyama nyeupe, atakifanya nini zaidi ya kukiloweka? Kosa lilikuwa la yule mjinga aliyehifadhi maua katika stoo ya mihogo. Dalia ya mama, aliyoitoa kwa masista kwenye pindo la kitenge, niliila mimi mwenyewe kwa maharage na dagaa, na nikaomba niongezwe. Nililia kwa sauti. Shangazi alidhani kuna msiba Kibondo.

Aliporudi kutoka bombani jioni alikuwa ameshawasimulia wote. Sikushangaa.

"Na huyo wa chini alikuwepo?" nikamuuliza.

"Alikuwepo."

"Alicheka sana?"

"Hakucheka. Alitua ndoo, akauliza kama umebakiwa na hata kimoja."

Sikuamini. Nilijua anapima ushindi wake. Sasa dalia ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni kwa mwizi. Nilimlaumu yeye, nikailaumu mihogo, nikamlaumu mtoto mchanga aliyechagua kuzaliwa kiangazi. Mvua zikaja. Tuta langu likaota magugu kwa wiki tatu, na kupitia minyaa nikaona machipukizi ya dalia yake yakitoka ardhini, mekundu, manene, yenye afya ya kuudhi.

Kumwomba nisingeweza. Nilipendelea iishe kabisa. Siku mbili nilisema hivyo kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, siku ya tatu nikagundua kwamba nasema uongo. Ikiisha, mama anakufa mara ya pili, na safari hii nimemmaliza mimi. Basi nikaamua kuiba. Yeye aliiba, nami nitaiba, ngoma droo.

Nilichagua Jumapili saa nne asubuhi. Yeye hakosi ibada hata akiumwa. Nilisubiri kengele ipigwe, nikabeba mfuko wa salfeti na panga, maana mpini wa jembe langu ulikuwa umevunjika, nikapita kwenye upenyo ambao mbuzi wake walikuwa wakitumia kuja kunilia maua. Niliwahi kuwachapa watoto wa watu kwa kuiba maembe ya shule.

Kwenye tuta lake kulikuwa na jembe.

Lilikuwa limesimama, limechomekwa wima kando ya shina kubwa kuliko yote, na udongo kulizunguka ulikuwa umelainishwa. Kulikuwa na kutu mbichi kwenye bapa na kinyesi cha kuku juu ya mpini. Halikuwekwa asubuhi ile. Lilikuwa limenyeshewa siku nyingi likisubiri. Nikainua macho. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na ndani mtu akakohoa. Hakuwa ameenda kanisani. Bila shaka alikuwa ameniona nikizunguka uzioni tangu mapambazuko.

Kwanza nilikasirika. Huyu ananipa? Ananipa mimi, kilicho cha mama yangu? Nikashika mpini niling'oe na kulitupa huko kwenye migomba. Mkono ukakataa. Niliwahi kuliona jembe limesimama hivi, kando ya shimo, siku ya mazishi.

Mwizi hasimamishi jembe. Mwizi huliangusha akakimbia, ama huja na la kwake. Jembe la mama lilikuwa jikoni siku zote. Nililitoa mimi, nikampa mkononi, siku mbili kabla. Nikaenda kuchota maji. Aliposema amechoka nikamwingiza ndani, na mlango niliufunga mimi mwenyewe kwa sababu ya baridi. Mama alikuwa ametoa, na mimi niliyefunga mlango sikujua ninachofanya. Jirani alikuja akachukua kama desturi inavyotaka, siku yoyote kati ya hizo, akalirudisha jembe lisimame. Nilipomwita mwizi hakukana, na aliponinyima asante alikuwa analinda ua la mama lisife.

Nilipiga magoti nikachimba. Kwa pupa nikakata kiazi kimoja, kikatoa maji. Vingine vitatu vilitoka vizima, na machipukizi yake. Nikavitia mfukoni, nikasawazisha udongo, nikalichomeka jembe lilipokuwa. Hapo ningeondoka, lakini sikuweza. Nilisimama mbele ya mlango wake. Nilifungua mdomo.

"Usiseme kitu!" Sauti ilitoka ndani, kali, ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma tu ya mlango. "Ukisema, kitakauka. Nenda."

Nikafunga mdomo. Nilirudi nyumbani kwa upenyo wa mbuzi, nikapanda kabla udongo haujakauka viganjani.

Vilishika vyote vitatu. Januari vilichanua, vyekundu, ncha nyeupe, wiki moja baada ya vya jirani kama kawaida. Bombani sasa hatugeuki tena. Tunapanga ndoo moja nyuma ya nyingine na kutazama maji. Yeye anadhani ninanyamaza kwa ajili ya maua. Siku ile mlangoni nilichotaka kusema hakikuwa asante, kilikuwa samahani, na mpaka leo sijakisema.