Gari Lako Jumapili Linaenda kwa Mgonjwa Gani?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo. Najua utanijibu kwa Kiingereza, ndivyo mlivyo nyinyi mliozaliwa London, lakini nisikilize kwa Kiswahili. Juzi umeniambia umepata kazi ya kuzungukia wateja kwa gari lako mwenyewe, na kwamba rafiki yako anakufundisha namna ya kudai kodi ya mapato irudi. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Shirin.

Nilikuwa kijana, sijaoa. Kazi yangu ilikuwa kukagua mashine za oksijeni majumbani kwa wagonjwa. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, haina ofisi hapa mjini, hivyo ripoti niliziandikia chumbani kwangu, Harrow, hapahapa London, na safari zote nilitumia gari langu. Mwajiri alinipa hela ya mafuta, lakini kidogo sana. Chumba nilipanga kwa Mama Shirin, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambako yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka. Mimi mtu wa Morogoro, kusikia Kiswahili chake asubuhi kulinishibisha kabla ya chai.

Mwaka ule giaboksi ikaanza kunisumbua. Bila gari sina kazi, na bila kazi viza yangu haina maana. Mwenzangu mmoja wa kazini akanitia moyo juu ya jambo nililokuwa nikiliogopa: mwajiriwa anayetumia gari lake kwa shughuli za kazi anaweza kudai nafuu ya kodi, na anayelazimika kufanyia kazi nyumbani vilevile. Hadi hapo alisema kweli. Kisha akaongeza, "Usiwe mjinga. Andika maili zote, hata za kanisani. Na huyo mama mwenye nyumba akuandikie kwamba umepanga vyumba viwili, kimoja ofisi."

Mhitaji hana staha, mwanangu. Nikamfuata Mama Shirin jikoni, anakanda unga wa chapati, nikamweleza shida yangu kwa maneno matamu. Hakuacha kukanda.

"Hii gari yako," akasema, "Jumapili inaenda kwa mgonjwa gani?"

Nikageuka kuchungulia dirishani, kama vile gari lingenijibia.

"Na hicho chumba cha pili kiko wapi? Nionyeshe, maana mimi mwenye nyumba sijakiona."

Nilitamani sakafu inimeze. Akanawa mikono, akavuta kiti, akanitazama kama mama anavyomtazama mwanawe. "Sikiza. Tangu uingie hapa hujadai hata maili moja, kwa sababu ya woga. Leo unataka za kanisani, kwa sababu ya tamaa. Kwani katikati hakuna njia? Chukua chako chote. Cha watu wachia watu."

Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba kuacha haki yangu nako ni kosa. Tukakaa mezani pake na ratiba zangu za kazi, tukaorodhesha safari za kwa wagonjwa tu, pamoja na umeme wa kazi. Kodi ya chumba hatukuigusa, maana chumba ningekilipia hata bila kazi.

Nikatuma dai langu, na baadaye watu wa kodi wakaandika barua kutaka maelezo. Mimi nilikuwa nikiona bahasha ya serikali, naisukuma chini ya godoro. Mama Shirin akaniambia nipige simu palepale mezani, naye akakaa kando yangu. Afisa akauliza, "Kuna safari zako binafsi humu?" Nikajibu, "Hakuna." Sauti yangu haikutetemeka, mwanangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa jibu lile fupi. Kilichorudi hakikuwa kingi kama nilivyoota, lakini kilitosha kutengeneza gari, na kazi ikabaki. Miaka mingine ilipopita nikaomba ukaazi wa kudumu, makaratasi yangu ya mapato yakachunguzwa, na sikuwa na la kuficha. Yule mwenzangu tulipoteana. Sijui yake yaliishaje.

Mama Shirin tulimzika hapahapa Harrow. Nilisimama na wanawe kama mmoja wao, nao hawakuniuliza kwa nini nalia hivyo.

Basi shika haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo: sheria hizi hubadilika, na ile ya kufanyia kazi nyumbani siku hizi imebanwa sana, kwa hiyo waulize watu wa kodi wenyewe kabla hujaandika. Weka kumbukumbu ya safari zako siku ileile. Safari ya kazi idai bila haya, ni jasho lako. Ya kwako binafsi, hata iwe fupi vipi, iache. Na njia ya mwongo ni fupi hata ukiwa na gari zima.

Mungu akupe riziki unayoweza kuieleza mbele ya yeyote. Na siku utakapoomba jambo lisilofaa, akuwekee karibu mtu anayekupenda kiasi cha kukunyima.