Sauti ya Mama Mkubwa Haikuwa Mikwaruzo

Kiko kisa kimoja, mwanangu, ambacho nikikikumbuka hadi leo nacheka peke yangu, ingawa kilianza kwa aibu. Keti nikusimulie. Najua una haraka, una nyimbo za zamani kwenye kompyuta zinakusubiri uzisafishe, lakini ni hizo hizo zilizonifanya nikuite.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimeajiriwa dukani kwa Mzee Abeid, mtaa wa Msimbazi, tukiuza kanda na CD. Yeye ni Mwarabu wa hapa hapa Kariakoo. Babu yake ndiye aliyelifungua lile duka, enzi hizo likiuza vitambaa. Mimi alinipa jina la Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wote wanaosimama nyuma ya kaunta mjini hapa. Nilipomwambia kwamba nina jina la ubatizo, alinijibu hilo nikalitumie kanisani.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Kila duka la muziki lilitoa spika nje na kuzielekeza barabarani, na mwenye kelele kuliko wenzake ndiye aliyehesabiwa kuwa na mali nzuri. Sisi wauzaji hatukuwa na kipimo kingine. Mteja akiuliza ipi nzuri, tulimwekea inayotikisa vioo vya kabati, naye akaondoka ameridhika.

Basi ikaingia CD ya soul za zamani, zile zilizopigwa na bendi za vijana wa Dar enzi za suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Jamaa mmoja mwenye studio ndogo Gerezani alikuwa amezitoa kwenye santuri zilizochakaa, akazisafisha na kuziongezea nguvu. Nilipoiweka, mwanangu, duka la jirani likanyamaza lenyewe. Besi ilipiga kifuani, na ule mkwaruzo wa santuri, chakarachakara, haukuwepo kabisa. Watu wakasimama barabarani na mizigo yao. Nikasema hii ni kiboko, na hakuna aliyenibishia.

Kilichonifurahisha zaidi ni wimbo wa tatu. Ulikuwa wa bendi ya vijana wa Magomeni, bendi ambayo Mama Mkubwa Felista, dada yake mama yangu, alikuwa akituambia miaka yote kwamba aliiimbia kiitikio alipokuwa msichana. Wimbo wenyewe ndio huo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Santuri yake ilipotea katika kuhama nyumba, na redioni haukupigwa tena. Sisi watoto wa ndugu zake tulikua tukimtania. Kila alipoanza, "Siku ile studio tulikuwa wasichana watatu," mtu aligonga kijiko kwenye sahani kama anapiga drum, na nyumba nzima ikacheka. Alicheka na yeye. Ila mimi nilikuwa namwona anavyoinama baadaye, na nilijua angetoa kitu chochote ili asadikiwe mara moja tu kabla hajafa.

Nikambebea CD hadi Magomeni. Ilikuwa Jumapili, mjukuu wake alikuwa amepata kipaimara, na unatujua Wachaga na sherehe. Turubai lilifungwa uani, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeshakatwa, ndugu wametoka Kimara, wametoka Mbagala, wengine wameshuka na basi kutoka Moshi. Mama Mkubwa alivaa kitenge kipya, akawaomba watu watulie, akasimama katikati. "Leo mtanisikia," alisema.

Wimbo ukaanza, watu wakatikisa vichwa, muziki mtamu. Kikaja kiitikio. Sauti mbili. Kikaja cha pili, mbili zile zile, nene, zimenyooka. Mama Mkubwa alikuwa ameinua kidole kuonyesha pale anapoingia, na kidole kikabaki juu hadi wimbo ukaisha.

Binamu yangu Prosper, Mungu amsamehe, akasema kwa sauti, "Mama Mkubwa, au siku hiyo ulikuwa umeenda gengeni?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikunja kitenge magotini kama anatafuta kitu alichodondosha, kisha akasema anakwenda kuangalia wali, na wali ulikuwa umeshapakuliwa zamani. Niliumia, mwanangu. Niliona mimi ndiye niliyemletea ushahidi wa kumwita mwongo mbele ya ukoo mzima.

Kesho yake nilimweleza Mzee Abeid. Nilitegemea anipe pole. Badala yake alivua miwani, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala.

"Hiyo CD umeisikiliza wapi?" akaniuliza.

"Hapa dukani, Mzee. Kwenye spika za nje."

"Basi hujaisikiliza. Umeupigia mtaa kelele. Mimi nina ile santuri nyumbani, niliinunua nikiwa kijana, naijua. Usimwambie mtu kitu. Mlete mama mwenyewe Jumamosi, na huyo mchekeshaji wenu mlete pia."

Jumamosi wakaja. Mama Mkubwa alikuwa hataki. Nilimbembeleza tangu asubuhi, na aliingia dukani na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Prosper alikuja kwa sababu niliahidi kumnunulia chipsi kuku. Mzee Abeid akamkaribisha, "Karibu dada yangu, karibu ukae," akampa kiti chake mwenyewe. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya saa za biashara. Alizima spika za nje na kuvuta mlango. Wateja wakaanza kugonga. Hakujali.

"Nyumbani kwangu," alisema, "nakala mpya na ya zamani zinasikilizwa kwa sauti ya kiasi, kama ya watu wanaozungumza, na zote mbili zinawekwa sawa. Sikio likisikia viwili, chenye kelele linakiona kizuri. Tuondoe hiyo kwanza."

Akatoa santuri yake na mashine ya kuipigia, alizozibeba kutoka nyumbani, kisha akaweka CD, akaishusha sauti mpaka ikawa sawasawa na ya santuri. Hapo nilishangaa. Wimbo ule uliokuwa ukinipiga kifuani ulikuwa umelala bapa, hauna uhai. Mwimbaji aliingia kwenye ubeti bila kuvuta pumzi, kama hana mapafu. Drum ilikuwa inagonga tu, huisikii inagongwa wapi, chumba gani, na nani. Kiitikio kikaja, sauti mbili. Mama Mkubwa akaangalia sakafu.

Kisha Mzee akaishusha sindano juu ya santuri.

Kwanza mikwaruzo, chakarachakara, Prosper akakunja pua. Halafu ikaja pumzi. Tulimsikia yule mwimbaji akivuta hewa, tukasikia mtu nyuma yake akisogeza kiti, na chumba chote kikafunguka. Kiitikio kikafika, sauti mbili nene, na juu yao kabisa, nyembamba, laini, inayokaribiana na ule mkwaruzo hadi unaweza kudhani ni sehemu yake, sauti ya tatu. Msichana. Akifika mwisho wa mstari anapandisha kidogo, vile vile ambavyo Mama Mkubwa hupandisha anapoita watoto waje kula.

"Ndiyo mimi!" Aliruka kitini. "Ndiyo mimi huyo! Mmenisikia? Huyo hapo, huyo!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi pia, sikuficha. Mzee Abeid akarudisha sindano bila kuombwa. Safari hii Mama Mkubwa aliimba juu ya sauti yake mwenyewe, sauti ya bibi juu ya sauti ya binti, na zilikutana pale pale. Prosper aliacha kukunja pua. Akamsogelea, akainama, akasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Sijasikia," alisema.

"Shikamoo, Mama Mkubwa!"

"Marahaba. Sasa cheza."

Na akacheza, tena vibaya sana. Tulicheza wote wanne kati ya makabati, Mzee Abeid akiinua mabega tu kwa ajili ya mgongo wake, na nje watu wakiendelea kugonga mlango.

Yule jamaa wa Gerezani aliitwa akaja kusikia. Wala hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba alikuwa anafuta mikwaruzo, na kila alipoona kitu chembamba juu ya sauti nyingine alikifuta pia, kwa kuwa hakujua kama ni mtu. Hakuna aliyemwambia kulikuwa na wasichana watatu, wala hakuuliza. Aliusafisha wimbo upya kwa mkono mwepesi, akaacha mkwaruzo kidogo ubaki, na nakala ya kwanza akaipeleka Magomeni mwenyewe. Mama Mkubwa aliwapigia majirani wimbo huo mpaka wakaweza kuuimba wote, pamoja na muuza maji.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu kwako ni hii. Unapoambiwa rekodi imesafishwa, usiamini kabla hujashusha sauti na kuziweka nakala mbili, ya zamani na mpya, ziwe sawa. Tafuta pumzi. Tafuta chumba. Unaposafisha wewe mwenyewe, kila unachotaka kukifuta kiulize kwanza kama si mtu, na kama kuna mzee aliyekuwepo siku hiyo, mfuate umuulize hata kama hadithi yake umeichoka. Ukiwa na shaka, acha mkwaruzo. Na watu nao usiwapime kwa anayesikika zaidi sebuleni. Yule anayeinama pembeni baada ya wote kucheka, msogelee, msikilize kwa utulivu.

Mama Mkubwa hayupo tena. Tulimsindikiza Moshi, akapumzika kihambani kwao, kwenye shamba la migomba la ukoo. Lakini kuna kitukuu chake, kimezaliwa baada yake, hakikumwona hata siku moja. Juzi wimbo huo, unaopigwa nyumbani kwao kila mara, ulipofika kwenye kiitikio, kile kitoto kiliacha uji, kikanyoosha kidole kwenye spika, kikasema, "Bibi huyo."

Nenda sasa mwanangu, kazi yako inakusubiri. Mwenyezi Mungu ayalinde masikio yako na aufanye mkono wako mwepesi, na siku utakapokuwa huna nguvu ya kujisemea, akujalie mtu wa kuisikia sauti yako na kusema ni wewe.