Ng'ombe Waje Jumanne

Kombe la Masoko lilianza mwaka wa 1964, wakati kila kitu kilikuwa kinaanza, na kama vingi vya wakati huo lilianza kwa hotuba ndefu kuliko mchezo wenyewe. Lilitolewa na mwenye duka mmoja wa Nyamira aliyekuwa akitafuta udiwani. Udiwani aliukosa, kombe likabaki. Mashindano yalikuwa ya mtoano: ukifungwa leo, kesho unarudi kukama ng'ombe. Fainali ya kwanza ilipangwa Jumamosi na mtu ambaye bila shaka hakujua anaishi na nani, maana nusu ya timu moja walikuwa Wasabato, na filimbi ilipolia wao walikuwa kanisani wakiimba. Wapinzani wao walifunga mabao mengi dhidi ya watu wachache. Tangu hapo fainali ikawa Jumapili alasiri, Wakatoliki wakishatoka Misa, na madhehebu yote mawili yakapata nafasi sawa ya kumtukana refa.

Manasseh Ombui alikuwa golikipa wa Nyansiongo tangu timu iundwe. Alipata shamba huko walowezi walipoondoka, akafuga ng'ombe wa maziwa, akawa mzee wa kanisa. Mikono yake ilikuwa mikubwa ajabu. Watu walisema ni kwa ajili ya kukama. Ng'ombe wake wangeulizwa, wangesema ni kwa ajili ya mpira. Hakuwa mtu wa kujisifu. Aliamini tu kwamba kutoka Sotik hadi Kisii mjini hapakuwa na golikipa wa kumshinda, na hilo alilichukua kama habari, si maoni, kama vile mtu anavyosema kwamba alasiri itanyesha. Pamoja na hayo, alikuwa amefika fainali mara tatu, na mara zote tatu alirudi nyumbani na viatu vyake tu. Mara ya mwisho ilinyesha mvua ya mawe, akafungwa bao na mpira ambao yeye na refa waliudhani ni jiwe kubwa kuliko mengine.

Mwaka wa 1972 Nyansiongo ilifika fainali tena, na wapinzani walikuwa Magwagwa. Nguvu ya Magwagwa ilikuwa mtu mmoja, Abner Onyancha, fundi wa baiskeli, fowadi mwenye mabega kama mlango wa ghala. Mchezo wake haukuwa na siri. Kona ikipigwa, alimfuata golikipa huko huko hewani akamtia bega, golikipa akaenda upande wake na mpira ukaenda wavuni. Sheria za siku zile ziliruhusu jambo hilo, nao watazamaji walilishangilia.

Huyo Abner ndiye aliyekuwa amemposa Mokeira, binti mkubwa wa Ombui, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi huko Magwagwa.

Mgeni angeiona hiyo kuwa habari njema tu. Mwenyeji aliona fainali imekwisha kuchezwa. Kwa Abagusii mkwe ana mipaka yake, nayo wenyewe huiita chinsoni. Mtu hamgusi baba wa mkewe, hamsukumi, hamtaji kwa jina, hambishii. Anainamisha macho na kukubali. Mipaka hiyo iliwekwa kabla mpira haujafika Gusii, na haikuacha nafasi ya kona. Miaka michache nyuma, katika nusu fainali, winga mmoja alikuta beki anayemkaba ni mjomba wa mkewe. Dakika zote tisini alimpisha njia kwa adabu kubwa, na timu yake ikatolewa. Kuanzia hapo viongozi wa timu walichunguza ndoa za watu kuliko walivyochunguza mazoezi.

Ongeri, mwenyekiti wa Nyansiongo, alikuwa na duka la sukari na chumvi, na akili ya mtu mwenye duka la sukari na chumvi. Alikuja kwa Ombui jioni akiwa amejaa furaha. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Posa peke yake haimfungi mtu. Mahari ndiyo humfunga. Ng'ombe wa kwanza wakiingia boma la Ombui kabla ya Jumapili, Abner atakuwa mkwe kamili, na mkwe kamili hawezi kumtia bega mtu yeyote mwenye glavu. Yeye Ongeri alikuwa ameshazungumza na mshenga. Watu wa Magwagwa, kwa haraka yao ya kupata mwalimu, walikuwa tayari kuleta ng'ombe Alhamisi.

"Wewe utasimama tu golini kama mnazi," Ongeri alisema. "Yule kijana atakuwa anakuamkia."

Ombui alisema ni jambo la kufikiriwa. Kwa kweli lilimpendeza. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, magoti yalikuwa yameanza kumpa taarifa za mvua, na hakudhani kungekuwa na fainali ya tano.

Kilichomharibia ni soko la Nyamira. Alikwenda kununua kamba, akapita mbele ya wauza ndizi wa kutoka Magwagwa. Hao, kama desturi ya wauza ndizi, walikuwa wanajua kila kitu. Mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kumfikia, kwamba mwaka huu Nyansiongo wamepata golikipa mpya. Mwenzake akauliza ni nani.

"Mokeira. Baba yake atakuwa nyuma yake, ameshika sketi."

Kamba aliisahau pale pale sokoni. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiliona kombe mikononi mwake, na chini yake binti yake akiwa amelibeba. Akishinda hivyo, miaka yote minane ya kujitupa matopeni ingekuwa utangulizi wa harusi.

Nyumbani Bosibori, mkewe, alikuwa na swali lake mwenyewe. Alikuwa amesikia habari ya Alhamisi kutoka kwa wake za wengine, na hakupenda.

"Baba Mokeira, nieleze nielewe. Mtoto wangu anaolewa haraka ili wewe usisukumwe?"

Ombui alisema haikuwa hivyo hasa.

"Basi ni vipi hasa?"

Mokeira, aliyekuwa amekuja kwa likizo fupi na alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto mezani, hakuinua kichwa. Alisema kwa upole kwamba yeye hana haraka, na Abner pia hana haraka isipokuwa akiona golikipa. Kisha akaongeza: "Baba, ukiogopa bega lake, sema. Nitamwambia apunguze."

Hakuna mwana aliyewahi kumjibu mzazi wake vibaya kwa adabu nzuri kuliko hiyo.

Asubuhi Ombui alimtumia mshenga neno. Nyansiongo ni eneo la ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, na kuna kanuni: mifugo ya nje haiingii shambani mpaka iogeshwe kwenye josho, na josho lilikuwa na shughuli nyingi wiki hiyo. Ng'ombe waje Jumanne. Ilikuwa kweli kwamba kanuni hiyo ilikuwepo. Ilikuwa kweli pia kwamba tangu ianze hakuna aliyewahi kuikumbuka wakati wa mahari. Ongeri alipopata habari alikuja mbio, akaongea kwa muda mrefu kuhusu usaliti, na mwishoni akauliza kama Ombui anataka kushinda au hataki.

"Nataka," alisema Ombui. "Ndiyo maana."

Jumapili uwanja wa Nyamira ulijaa mapema. Mistari ilikuwa imechorwa kwa jivu, chokaa ikiwa imeahidiwa tangu uhuru. Nyansiongo walipata bao kipindi cha kwanza, winga wao akipiga krosi iliyokosea ikaingia. Kisha mvua ikashuka, na Magwagwa wakapata kona.

Wengi pale walijua habari za posa na walikuwa hawajasikia habari za josho. Kwa hiyo mpira ulipopaa na Ombui akaruka, walitarajia kumwona Abner akirudi nyuma kwa heshima. Abner hakurudi nyuma. Alimfikia hewani kwa bega zima, na mzee wa kanisa akaanguka chali kwenye dimbwi. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Ombui aliinuka polepole, tope likimtiririka masikioni, na mpira ulikuwa bado kifuani mwake. Walioketi nyuma ya lango walisema alikuwa anacheka.

Ikaendelea hivyo. Abner alimtia bega la kulia, akamtia la kushoto, akamfunga bao moja ambalo refa alilikataa kwa kuotea, akamwambia hadharani kwamba golikipa wa umri wake hukaa nyumbani na wajukuu. Ombui alimjibu kwamba wajukuu wenyewe wanamngoja yeye ajifunze kupiga mpira. Haya yangesemwa Jumanne, yangehitaji mbuzi wa kutakasa.

Karibu na mwisho mpira ulipenya katikati ya mabeki. Abner aliufuata, Ombui akatoka na kujitupa miguuni pake. Kiatu kikamgonga mbavu, mpira ukapita chini yake, ukabingirika taratibu katika tope kuelekea langoni. Akiwa amelala kifudifudi alirusha mkono nyuma, akaupapasa, akauvuta. Magwagwa wote waliinua mikono: bao. Refa alimtazama mshika kibendera. Mshika kibendera akautazama mstari. Mstari haukuwepo, jivu lilikuwa limekwenda na maji zamani. Refa akafikiri kidogo, kwa busara ya mtu aliyeegesha baiskeli yake upande wa Nyansiongo, akasema haukuvuka.

Ombui aliinua kombe kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika mbavu. Watu walimbeba. Lakini kabla hajafika nyumbani alikuwa amesikia jina jipya, Kombe la Jivu, na yeye mwenyewe hakuweza kubisha, kwa sababu alikuwa ameangalia ardhi. Mtu mmoja tu alikuwa amesimama juu ya mpira ule akiuona. Na mtu huyo, ng'ombe wakishaingia, angelazimika kumkubalia kila kitu hadi kaburini.

Jumanne ng'ombe walifika na wazee wa Magwagwa, mshenga mbele, Abner nyuma akiwa amevaa koti. Ombui alikwenda mwenyewe langoni, kifua kimefungwa bendeji. Hakufungua. Wazee walitazamana, walidhani anataka kuongezewa. Ongeri, aliyekuja kula, naye alidhani hivyo.

"Abner," alisema Ombui. "Ng'ombe bado wako nje. Hapo ulipo wewe ni fowadi wa Magwagwa. Ule mpira ulivuka?"

Baba mdogo wa Abner alimgusa kiwiko, ishara ya kumwambia ajibu vizuri. Abner aliutoa mkono ule.

"Haukuvuka, Ombui," alisema, na wazee wakashtuka kulisikia jina hilo likitajwa wazi hivyo. "Ulibaki kidogo sana. Nilikuwa naleta mguu wa pili kuumalizia pamoja na mkono wako. Ungechelewa kuutoa ningeuvunja, na nisingejuta."

Mshenga aliinamisha kichwa kama mtu anayeona kazi ya miezi ikimwagika. Lakini Ombui alikuwa ameshashika komeo. Mtu anayekubembeleza hakwambii kwamba alikusudia kukuvunja mkono.

Akafungua lango. Ng'ombe wakapita, wembamba, wenye pembe, bila kuogeshwa, wakienda kuwatazama wale wa gredi kwa mshangao. Abner alipita wa mwisho, macho yameinama chini kama inavyotakiwa.

"Karibu, mwanangu."

"Asante, Baba."

Bosibori, aliyekuwa akingoja mlangoni na ugali unapoa, alitaka kujua ni mazungumzo gani marefu hivyo yaliyokuwa yakifanyika pale langoni.

"Ya mifugo," Ombui alisema, akaenda kunawa mikono.